Kakangu ataka kuniletea miche ya hezelinati

SWALI: Bwana Shamba salaam. Kakangu yuko Marekani kule Oregon, kaajiriwa shamba la hezelinati, zile njugu za duara zinazotiwa kwenye chokoleti. Juzi kanitumia picha, miti ya miaka miwili matawi yamekauka kuanzia ncha, majani yamekuwa kahawia lakini hayadondoki, wenziwe wasema ni bakteria. Sasa akija Disemba ataka kuniletea miche minne nipande shambani kwetu Kwale. Nimwambieje?
Msomaji, Likoni

JIBU: Salaam dadangu. Miche asibebe, tafadhali sana! Huyo bakteria, Xanthomonas arboricola, hujificha ndani ya vichipukizi na mche ukauona mzima kabisa, ndivyo anavyosafiri shamba hadi shamba. Kuingiza mmea Kenya lazima upate kibali cha KEPHIS kwanza, lile shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, si kutia kwenye begi na nguo. Na hata ungefika salama, mti ule wataka baridi ya miezi ndio uzae, Kwale utauonea bure, panda mkorosho.

Sasa ya kakako. Ugonjwa huu huua hasa miti michanga, ile iliyo chini ya miaka minne, kwa sababu kidonda kikizunguka shina basi juu kote kwakauka. Mti mkubwa hupoteza vijitawi tu. Mvua ndiyo yarusha bakteria, nao huingilia penye jeraha, iwe kovu la jani lililoanguka, shina lililoungua jua au alama ya makasi, na hapa kwenye makasi ndipo watu wanapojimaliza wenyewe, wakata tawi bovu kisha waenda mti wa pili na makasi yaleyale. Ayapanguse kwa spiriti kila mti, akate chini ya kidonda penye mti mzima, tena siku kavu. Dawa ni ya shaba, jamii ya mrututu wetu, hupigwa mwisho wa Agosti kabla mvua zao hazijaanza, halafu tena majani yakishapukutika robo tatu. Haiponyi tawi lililokwisha kufa, yazuia tu lisiambukize mengine. Na miche michanga isikose maji kiangazi, yenye kiu ndiyo yafa mwanzo.

Lakini aangalie vizuri gome, akiona vipele vyeusi vimejipanga mstari kama vifungo vya kanzu, hiyo ni kuvu, si bakteria, na matibabu yake ni mengine. Atume picha nyengine ya shina, karibu na ardhi.