Theluji Imejaa Denver, Mlimani Je? Maswali Yenu ya Safari za Skii

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu Kigoma ila sasa tunaishi Aurora, Colorado. Jumamosi iliyopita nikawapeleka wanangu mlimani kucheza skii kwa mara ya kwanza. Apu ya simu iliandika theluji sentimita 30, na asubuhi tumeamka gari limefunikwa mpaka kwenye vioo nikasema leo ndo leo. Kufika kule chini pagumu kama sakafu ya saruji, mdogo kaanguka mara mbili akalia, lifti za juu zimefungwa eti upepo, na hela ya tiketi hairudi. Wamenidanganya au mimi ndo sijui kusoma? Nimeshawaahidi tutarudi mwezi wa tatu.
Mama wa Watatu, Aurora

JIBU: Pole sana dada yangu, na huyo mdogo umpe pole yake. Hujadanganywa, ila ile sentimita 30 ilikuwa ya Aurora, haikuwa ya mlima uliokwenda, na hapo ndo wengi wetu tunapotea kila msimu.

Iko hivi. Milima ya Rocky imesimama kama ukuta, Denver na Aurora tuko upande wa mashariki na sehemu nyingi za skii ziko ndani huko au nyuma ya ukuta. Dhoruba nyingi zinatoka Pasifiki, zinakuja kwa magharibi, hewa inapanda mlima inapoa inamwaga theluji kulekule, ikishuka kwetu imebaki upepo mkavu tu. Ila kuna siku upepo unageuka unavuma kutoka mashariki umebeba unyevu wa Ghuba ya Meksiko, unasukumwa kupanda huku kwetu, basi sisi tunafunikwa na kule nyuma wanapata kidogo au hawapati kabisa. Machi 2003 dhoruba ya kutoka upande huo iliiachia Denver inchi 31.8, yani kama sentimita 80! Kwa hiyo theluji ya kwenye kioo cha gari lako isikupe jibu la mlimani, hata iwe nyingi vipi.

Utabiri uangalie wa mlima wenyewe. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ina tovuti ya bure, weather.gov, usiishie kuandika jina la mji, bonyeza kwenye ramani palepale mlimani halafu angalia mwinuko walioandika. Mfano Breckenridge, mji wenye sehemu ya skii, uko mita 2,926 na kilele cha mlima wake ni mita 3,962, na joto hushuka kama nyuzi 6 hivi kila ukipanda mita 1,000, so chini pakiwa sifuri juu ni kama hasi 6 kabla hujahesabu upepo. Kwa sisi tunaoijua Kilimanjaro, mji wenyewe tu uko juu kuliko kambi ya Mandara, na kilele kinapita kambi ya Horombo. Mtoto akisema kichwa kinauma usidhani anadeka, mpe maji, mpumzishe, asipopata nafuu shuka naye.

Upepo usome KABLA ya theluji. Mimi hii ndo naangalia kwanza. Lifti ni kiti kinaning'inia kwenye waya, ukivuma sana wanaifunga na wako sahihi kabisa, na zile za juu ndo zinafungwa mapema, mfano ile ya Imperial pale Breckenridge inafika mita 3,914, hakuna mti wa kukinga chochote. Halafu upepo unahamisha theluji, unakwangua mgongo mmoja wa mlima mpaka mawe yanaonekana na kurundika upande wa pili mpaka magotini, wakati ile namba ya kwenye ripoti imepimwa kwenye kijiti kimoja kilichosimama sehemu iliyokingwa.

Sasa ule ugumu. Kwenye ripoti ya asubuhi kuna namba ya theluji iliyoanguka saa 24 zilizopita, na kuna kina cha ile iliyolala tangu msimu uanze, wanaita besi. Watu wakiona besi sentimita 150 wanafurahi, lakini besi inakwambia mawe yamefunikwa basi, haisemi kama juu ni laini. Jua likipiga siku mbili theluji inalowa, usiku inaganda, asubuhi ndo hiyo saruji yako. Mwezi wa tatu jua ni kali, so asubuhi unakuta kioo, kuanzia saa nne au saa tano inalainika, saa tisa inaweza kuwa uji. Ukiwa na watoto usikimbilie kuingia saa mbili. Mimi nakanyaga kwa kisigino cha buti, kikizama kidogo nawaachia, kikigonga ko! tunarudi ndani kunywa chai kwanza. Na wapeleke kwenye njia zilizosawazishwa na matrekta usiku, utazijua kwa mistari imenyooka kama kichwa kilichosukwa twende kilioni.

Utabiri wa siku kumi uchukulie kama fununu, wa siku mbili za mwisho ndo unaupangia safari, na kabla ya kulipa tiketi uliza kama tarehe inabadilishika. Kagua na tairi, barabara ya I-70 ya kupandia mlimani, kuanzia Morrison mpaka Dotsero, sheria inataka meno ya tairi yasipungue inchi 3/16, Septemba mpaka Mei, hata barabara ikiwa kavu. Tairi kipara kule unaweza kufunga njia ya watu wote.

SWALI: Bro, skii ghali. Mimi na washkaji tunataka kwenda Loveland Pass, ile barabara inayokatiza juu mlimani, na sledi zetu tuteleze bure, ila ramani ya hatari ya maporomoko ya theluji imeandika rangi ya chungwa. Si ni ya katikati tu hiyo?
Kijana, Denver

JIBU: Mdogo wangu, USIENDE. Chungwa ni daraja la 3 kati ya 5 na ni hatari kweli, watu wengi wanafia kwenye daraja hilohilo kwa sababu wanafikiri kama wewe. Ndani ya eneo la skii kuna askari wa mlima wanaolipua theluji kwa baruti na kufunga njia kabla hujafika, kule Pass nje ya uzio hamna anayefanya hivyo kwa ajili yako. Miteremko ya nyuzi 30 mpaka 45 ndo inayoporomoka sana, na ndo hiyohiyo mnayoipenda kutelezea. Tafuteni kilima kifupi cha bustani mjini siku tukimwagiwa theluji huku kwetu, na kile kituo cha maporomoko cha Colorado, CAIC, msome utabiri wao kila siku ya msimu maana ni bure.