Antibiotiki kwa Wanyama wa Nyumbani: Majibu ya Maswali Yenu

Maswali ya safari hii karibu yote yamehusu antibiotiki. Tumechagua yale ambayo kosa dogo huleta madhara makubwa. Vipimo tulivyotaja ni vya kukusaidia kuelewa na kukagua kilichoandikwa kwenye lebo ya dawa. Wa kuamua dawa gani itumike ni daktari wa wanyama aliyemwona mgonjwa.

Swali: Paka wangu alipewa vidonge vya doksisaiklini kwa ajili ya mafua. Nilikuwa namfungua mdomo, natumbukiza kidonge, anameza. Mafua yamekwisha, lakini tangu juzi kila akila anakirudisha chakula baada ya dakika chache, hakijasagika hata kidogo. Je, dawa imemchafua tumbo?

Pole sana, na tafadhali mpeleke kwa daktari leo. Paka anayetapika hujikunja, tumbo likabana na kusukuma, na kinachotoka huwa kimechanganyika na majimaji ya tumboni. Wako anarudisha chakula kama alivyokimeza. Hiyo ni dalili ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni: huenda una kidonda, na huenda umeanza kuziba.

Kidonge kikavu hakishuki upesi kwenye umio wa paka. Umemwona akimeza, umeridhika, kumbe kidonge kimekwama katikati ya kifua na kinayeyukia hapo. Doksisaiklini ikiyeyuka huwa na asidi inayounguza ukuta wa umio. Kidonda kikipona huacha kovu, kovu hujikunyata, njia inabana. Yote haya yanaweza kuchukua siku kadhaa au hata wiki, ndiyo maana wenye paka wengi hawakumbuki kuhusisha shida hii na kidonge. Kapsuli za klindamisini nazo zinajulikana kwa madhara hayohayo.

Usimpe kidonge kingine cha namna hiyo. Akiwahiwa, daktari anaweza kutuliza kidonda kwa dawa za kupunguza asidi na chakula laini. Njia ikishabana, hupanuliwa kwa puto maalumu paka akiwa amelazwa kwa nusukaputi, na mara nyingi kazi hiyo hurudiwa zaidi ya mara moja.

Kwa wengine wenye kidonge cha paka mkononi, utaratibu ni huu. Mkalishe paka akiangalia upande uleule unaoangalia wewe, mgongo wake ukiegemea tumbo lako ili asipate pa kurudi nyuma. Mshike kichwa kwa juu, kidole gumba kwenye shavu moja na kidole cha kati kwenye jingine, kisha inua pua ielekee juu. Taya la chini hulegea lenyewe. Lishushe kwa kidole cha mkono wa pili na udondoshe kidonge nyuma kabisa, kwenye shina la ulimi, katikati. Ukikiacha mbele au pembeni atakitema. Funga mdomo, rudisha kichwa chini, mpapase koo. Akijilamba pua, amemeza.

Hapo bado hujamaliza. Chukua bomba la sindano lisilo na ncha, lenye maji ml 5 au 6, ulipitishe pembeni mwa mdomo nyuma ya jino refu, na umpe kidogokidogo, nusu mililita kwa wakati, ukimwachia nafasi ya kumeza. Kichwa kiwe katika hali yake ya kawaida. Ukimimina huku pua ikiangalia juu, maji huingia kwenye njia ya hewa na paka anaweza kupata nimonia. Asiyekubali maji apewe kijiko kidogo cha chakula laini, alimradi akile papo hapo. Na kama daktari anaweza kukupa doksisaiklini ya maji, iombe.

Swali: Nina kapsuli za amoksilini za miligramu 500 zilizobaki nilipougua. Paka wangu amepigana na mwenzake, ana uvimbe wa moto mgongoni. Naweza kufungua kapsuli nimpe robo?

Usimpe. Tuanze na hesabu. Tuchukue paka wa kilo 3.6 aliyeandikiwa amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, kwa kipimo cha miligramu 12.5 kwa kila kilo. Zidisha, utapata miligramu 45 kwa dozi moja. Robo ya kapsuli yako ni 125, na hiyo ni kama umeigawa sawasawa, jambo ambalo macho hayawezi kufanya kwa unga. Dawa ya maji yenye miligramu 250 katika kila ml 5 ina miligramu 50 katika ml 1, hivyo dozi ya paka huyo ni ml 0.9. Kiasi kidogo namna hiyo hupimwa kwa bomba la ml 1 lenye mistari. Vijiko vya jikoni havilingani ujazo, na nukta ya desimali ikisahaulika, 0.9 inageuka 9, yaani dozi kumi kwa mkupuo.

Uzito nao usikisie. Panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Kwa mnyama wa chini ya kilo 5 njia hiyo haina usahihi wa kutosha. Mweke kwenye boksi juu ya mizani ya jikoni na utoe uzito wa boksi.

Lakini hata ungepima vizuri, uvimbe wa moto baada ya kung'atwa na paka kwa kawaida ni jipu. Usaha hauna mishipa ya damu, na dawa husafiri na damu. Jipu linahitaji kupasuliwa, kukamuliwa na kuoshwa. Antibiotiki ni msaidizi tu. Ukimpa dozi ya kubahatisha, homa inaweza kushuka kidogo, ukadhani anapona, huku usaha unaongezeka chini ya ngozi.

Kuna hatari nyingine kwenye kabati la dawa za watu. Baadhi ya dawa za maji za binadamu zimetiwa utamu wa zailitoli, ambao kwa mbwa hushusha sukari ya damu upesi na unaweza kuharibu ini. Na parasetamoli, ambayo watu huiongeza ili kutuliza maumivu, inaweza kumuua paka hata kwa kidonge kimoja.

Swali: Sungura wetu alikuwa anapiga chafya. Tangu jana nimempa mara mbili dawa ya maji ya amoksilini ya mtoto. Leo hajala na kinyesi kimepungua. Nimalize dozi?

Acha sasa hivi, na umpeleke kwa daktari anayejua sungura bila kusubiri kesho. Beba na chupa.

Sungura hutegemea bakteria walio kwenye utumbo wake mkubwa kusaga majani. Amoksilini inayopitia mdomoni huwaua hao walio wema, na nafasi yao huchukuliwa na bakteria wa jamii ya Clostridium wanaotoa sumu. Sungura huacha kula, huharisha au hukauka kinyesi, mwili unapoa, na kifo kinaweza kuja ndani ya siku chache. Hali hii huwapata pia simbilisi, hamsta na chinchila. Dawa za kuepuka kwa mdomo katika wanyama hawa ni penisilini, ampisilini, amoksilini, klindamisini, linkomisini na erithromisini. Tunalisema kwa uzito kwa sababu ni dawa zilezile ambazo mbwa na mtoto wa binadamu huzitumia bila shida, na hapo ndipo mtu mwenye nia njema anapojikuta amemdhuru mnyama wake.

Mkiwa njiani, mwachie nyasi kavu na maji karibu. Sungura asiyekula kwa nusu siku tayari ni mgonjwa wa dharura, hata asingekuwa amepewa dawa yoyote. Akihitaji antibiotiki kwa ajili ya pua, daktari ana dawa zinazomfaa zaidi, kama enrofloksasini au trimethoprimu pamoja na salfa. Usishangae ukisikia sungura fulani alidungwa penisilini na akapona. Penisilini ya sindano, mikononi mwa daktari, haipiti tumboni kama ile ya kunywa.

Swali: Mbwa wangu jike ameandikiwa antibiotiki kwa siku 5 tu kwa maambukizi ya kibofu. Siku zote nimesikia dozi ni wiki 2. Je, nimwongezee? Na jana asubuhi nilisahau kumpa.

Usimwongezee. Kwa maambukizi ya kibofu yasiyo na utata, siku 3 hadi 5 zinatosha, na huo ndio mwongozo unaotumika sasa. Kila siku ya ziada isiyohitajika inaua bakteria wa kawaida wa mwilini na kuacha wale sugu wakiwa na uwanja mpana, nao huweza kuhamia kwa mbwa mwingine au kwenu nyumbani. Ngozi yenye vipele vya usaha hutibiwa muda mrefu zaidi, mara nyingi wiki 2 kisha mbwa akaguliwe upya. Tezi dume ya mbwa ikiambukizwa, wiki 4 au zaidi ni jambo la kawaida. Idadi ya siku hutokana na mahali ugonjwa ulipo. Kwa hiyo fuata siku ulizoandikiwa, wala usikatishe kwa sababu ameanza kucheza. Ukiona haelekei kupata nafuu ndani ya siku 2 au 3, piga simu. Pengine dawa haiwagusi bakteria hao na mkojo unatakiwa kupelekwa maabara bakteria waoteshwe na kutambuliwa.

Kuhusu dozi uliyosahau: kama anapewa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, na umekumbuka saa 6 mchana, mpe, kisha ya usiku mpe kwa wakati wake. Ukikumbuka saa 12 jioni, iache hiyo iliyopita. Usimpe mbili kwa pamoja.

Swali: Mbwa wangu hutema vidonge. Navisaga na kuvichanganya kwenye maziwa au kwenye bakuli lake la chakula. Kuna ubaya?

Maziwa, jibini na mtindi yana kalsiamu, na kalsiamu hushikamana na doksisaiklini na enrofloksasini ndani ya utumbo, hivyo sehemu ya dawa hutoka na kinyesi bila kufanya kazi. Dawa za kiungulia na za kuongeza madini ya chuma hufanya vivyo hivyo. Ziachanishe kwa saa 2 au zaidi. Kusaga nako kuna tatizo lake. Vidonge vingi vimepakwa ganda ili kuficha uchungu. Metronidazoli ikisagwa ni chungu kiasi kwamba mnyama hutoa povu mdomoni, na kesho yake hata bakuli atalikimbia. Akila nusu ya chakula, hujui amepata dawa kiasi gani.

Tengeneza vitonge vitatu vidogo vya nyama laini. Cha kwanza kitupu, cha pili chenye kidonge, cha tatu kitupu na mbwa akione mkononi mwako kabla hajamaliza cha pili. Atakimeza upesi ili apate kinachofuata. Amoksilini yenye asidi ya klavulaniki hufaa kupewa pamoja na chakula kwa kuwa husumbua tumbo likiwa tupu.

Kinyesi kuwa laini siku moja au mbili si cha kutisha. Damu kwenye kinyesi, kutapika kila anapopewa dawa, au kukataa kula siku nzima ni sababu ya kumpigia daktari. Uso kuvimba, vipele vya ghafla au kupumua kwa shida ni mzio, na hapo ni kukimbia hospitali. Mnyama anayetumia metronidazoli akianza kuyumba, kuinamisha kichwa upande mmoja au macho kuchezacheza, simamisha dawa na umtafute daktari siku hiyohiyo.

Swali: Enrofloksasini aliyopewa mbwa wangu mkubwa imebaki. Nimpe mtoto wa mbwa wa miezi 5 na paka wetu, wote wana mafua?

Usimpe hata mmoja. Kwa mbwa anayekua dawa hii huweza kuharibu gegedu za viungo. Wa maumbo madogo na ya kati huepushwa nayo hadi miezi 8, wakubwa hadi mwaka, majitu hadi miezi 18. Kwa paka, kuzidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku kunaweza kuua retina, naye akapofuka bila kurudi. Tena mafua mengi huanzishwa na virusi, ambavyo dawa hii haivigusi.

Swali: Paka wangu dume anaenda kwenye mchanga wake kila baada ya dakika chache, anajikamua, hatoi kitu. Nianze antibiotiki gani?

Usianze yoyote. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo huenda njia yake imeziba, na asipozibuliwa anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Mpeleke saa hii, hata kama ni usiku.

Swali: Dawa ya maji iliyochanganywa na maji hudumu muda gani?

Ile ya amoksilini na asidi ya klavulaniki hukaa kwenye friji, hutikiswa kila kabla ya kupimwa, na hutupwa siku iliyoandikwa kwenye chupa, kwa kawaida kati ya siku 7 na 10 tangu ichanganywe. Andika tarehe ya kuchanganya kwa kalamu juu ya lebo. Iliyobaki usiimwage kwenye sinki. Irudishe kliniki au kwenye duka la dawa.