Mguu bado unavimba baada ya upasuaji wa kifundo: je, nichuliwe?

SWALI: Daktari, nilivunjika kifundo cha mguu nikapasuliwa na kuwekewa chuma na skrubu. Sasa ni wiki ya tatu, nyuzi zimeshatolewa na kidonda kimefunga. Tatizo ni kwamba jioni mguu unavimba, na nikiushusha kitandani unageuka zambarau. Nyumbani wanasema damu imevilia, nitafute mtu anichue kwa maji ya moto. Nikubali? Na nikianza kukanyaga kidogo kidogo, mfupa si utaunga upesi?

JIBU: Pole, dada. Usikubali. Swali hili naletewa kliniki mara kwa mara, na inaniuma kwamba wengi huja kuuliza wakiwa wameshachuliwa.

Kuvunjika na kupasuliwa huumiza vijishipa vinavyorudisha maji na damu juu. Msuli wa shavu la mguu, ambao mtu akitembea huisukuma damu irudi moyoni, kwako umelala kwa sababu hukanyagi. Ukishusha mguu, damu inatuama na ngozi inabadilika rangi. Ukiuinua, baada ya muda mfupi rangi inarudi. Jaribu leo uone. Hakuna damu chafu humo inayongoja kukamuliwa. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea miezi 6, kwa wengine hata mwaka, ilhali mfupa umeshaunga.

Kinachousaidia ni mkao, nao wengi wanaukosea. Kukaa kwenye kiti na kuweka mguu juu ya stuli hakutoshi, maana kifundo bado kiko chini ya moyo. Lala chali, panga mito chini ya shavu la mguu mpaka kifundo kipite usawa wa kifua, kisigino kibaki nje ya mto kisije kikachubuka. Chezesha vidole mara nyingi.

Sasa hilo la kuchua. Mtu aliyepasuliwa mguu na hatembei anaweza kuganda damu ndani ya mshipa mkubwa wa shavu la mguu. Likigundulika mapema, bonge hilo linatibika kwa dawa. Likisuguliwa likang'oka, linasafiri hadi kwenye mapafu na linaweza kuua muda huohuo. Anayekuchua hawezi kulitambua kwa kupapasa. Hata sisi madaktari hatuamini mikono yetu, tunapima kwa ultrasaundi. Na maji ya moto? Baada ya upasuaji huu ngozi ya karibu na kovu, au ya juu ya mguu, mara nyingi huwa na ganzi. Mgonjwa anaona maji ni ya kawaida tu, kesho yake ana malengelenge juu ya kovu, sentimita chache kutoka kwenye chuma. Bakteria wakipenya hapo, unarudi kupasuliwa.

Kuhusu kukanyaga, wazo lako lina ukweli kidogo: mzigo wa kiasi, kwa wakati wake, huusaidia mfupa. Ila wakati huo anaujua aliyekupasua na kuona picha zako. Wapo anaowaruhusu mapema, wapo wanaongoja wiki 6 au zaidi. Maumivu kupungua si ruhusa. Chuma kazi yake ni kushikilia vipande hadi viunge. Kikibebeshwa uzito kabla ya hapo huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, skrubu zikalegea au kikakatika.

Wanaojiita mabingwa wa mifupa hawakwambii haya. Wanauza mafuta ya "kuunga haraka", na wengine hufikia kumwambia mgonjwa aache sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda, eti vinapingana na dawa yao. Hayo ni kucheza na roho ya mtu. Ukitaka kweli kuusaidia mfupa, acha sigara kama unavuta, na kama una kisukari, kidhibiti.

Shavu la mguu likianza kuuma, likawa gumu au la moto, au uvimbe usipopungua hata baada ya kulala mguu ukiwa juu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikikubana ghafla, kifua kikachoma unapovuta hewa, au ukikohoa damu, usingoje kukuche. Wekundu unaosambaa, usaha au homa, mrudie aliyekupasua kabla hujameza antibayotiki yoyote ya kujinunulia.