Nguo zinatoka za moto lakini bado mbichi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Moshi, upande wa Rau. Draya yangu, mashine ya kukaushia nguo, ile ya kutoa hewa kwa bomba, ilikuwa inakausha mashuka kwa dakika 50 hivi. Tangu tulipoihamishia chumba cha nyuma mwezi wa nne, inachukua saa mbili na nusu, na taulo za wageni wanaoshuka mlimani ndiyo kabisa. Nguo zinatoka za moto lakini mbichi, na kioo cha mlango kinatoka jasho. Fundi mmoja alibadilisha hita, nikalipa, hali ni ileile. Sasa anataka tubadilishe themostati, kile kidhibiti joto. Umeme wa LUKU unaisha kama maji. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri dada, na pole kwa gharama. Themostati usinunue kwanza. Jibu lako umeliandika mwenyewe: nguo ni za moto. Hita ikifa, nguo hutoka baridi. Zikitoka za moto huku kioo kinatoka jasho, joto lipo, ila mvuke umekosa pa kutokea. Wewe ni wa Moshi, unaijua Julai yetu: mlima umejifunika, hewa imetulia, nguo zinashinda kambani siku mbili. Ndani ya draya yako sasa hivi ni Julai, tofauti ni kwamba kuna moto.

Kwa hiyo anza na bomba, maana shida ilianza siku mliyohama. Chomoa mashine kwenye umeme, ivute mbele, toa bomba la nyuma. Fungua madirisha, kisha irudishe kwenye umeme ikaushe mzigo mmoja bila bomba. Chumba kitajaa unyevu, vumilia mara hiyo moja. Mashuka yakikauka kwa muda ule wa zamani, mashine yako ni nzima na ugonjwa uko ukutani.

Huko ukutani natarajia vitu viwili. Cha kwanza ni kona. Fundi aliyepitisha bomba huenda aliweka elbo tatu au nne kukwepa nguzo, au mlipoisukuma mashine nyuma bomba la kukunjika likabonyea kama mrija wa juisi. Cha pili ndicho ninachokutana nacho zaidi huku kwetu: wavu wa mbu. Watu huufunga kwenye mdomo wa bomba nje ili panya na ndege wasiingie. Wazo zuri kwa dirisha, baya kwa draya. Kuna lodge moja njia ya Marangu nilipanda ngazi nikakuta wavu umegeuka blanketi la kijivu, nene kama kidole, limeshikana kwa unyevu hata nikalibandua zima kama chapati. Wenyewe walikuwa wanajiandaa kununua mashine mpya.

Ng'oa wavu, weka kifuniko chepesi kinachojifungua chenyewe hewa ikisukuma. Na kama walitumia bomba la plastiki la maji machafu, liondoe. Manyoya ya nguo hushika moto upesi sana, na draya zimeshaunguza nyumba kwa njia hiyo. Fundi bati yeyote anayekunja mifereji ya mvua atakutengenezea la bati la inchi 4, fupi na lenye kona chache. Viungo afunge kwa tepu ya alumini. Asitumie skrubu, ncha zikiingia ndani zinanasa manyoya.

Filta najua unaisafisha, lakini ijaribu hivi: iweke chini ya bomba la maji. Maji yakituama juu yake badala ya kupita, imezibwa na utando wa dawa ya kulainisha nguo, ambao kwa macho huuoni. Isugue kwa maji ya moto, sabuni na mswaki wa zamani.

Kuhusu LUKU, kukausha lita moja ya maji kunakula karibu uniti 0.7, hata mashine ingekuwa mpya. Kilo 5 za pamba zikikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika hubaki na maji kama lita 3 na nusu. Kwa 1,400, kama lita 2 na nusu. Ongeza kukamua kwenye mashine ya kufulia, kunakula umeme kidogo mno. Taulo nazo zisizidi nusu ya pipa la draya.

Jambo la mwisho ni umeme wenyewe. Mwambie fundi apime volti kwenye soketi mashine ikiwa inafanya kazi, saa mbili usiku wakati kila jirani amewasha vyake. Hita ya wati 2,500 ikipata volti 190 badala ya 230 hutoa kama wati 1,700 tu. Ikiwa hivyo, kausha mchana. Na kama mmeiunganisha kwa ekstensheni nyembamba, itoeni leo.

Ile hita ya zamani, kama fundi hakuondoka nayo, usiitupe. Ya wati 2,500 ikipimwa inatakiwa isome karibu omu 21. Ikisoma hivyo ilikuwa nzima, na sasa una spea kabatini.