Nyumba ya likizo ufukweni Mtwara na Lindi: kabla ya vyumba, uliza maji

Mkuu, umeuliza mambo mawili: nyumba ya ufukweni ya aina gani inafaa kwa wiki moja kwa familia ya watu sita (watoto watatu, mdogo ana miaka minne, na bibi yao yumo), na kama mje Juni au Desemba. Wengi hapo juu wamekujibu kwa bei na idadi ya vyumba. Vyumba huku kusini si tatizo. Kinachowaharibia watu likizo ni maji, ya bahari na ya bomba. Naanza na ya bahari, maana hayo mwenye nyumba hakutajii mpaka umuulize.

Siku za bamvua, yaani zile ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani hii inapita mita tatu. Ufukwe ukiwa tambarare, hapo mtoto anatembea mita mia kadhaa juu ya tope, majani ya bahari na mawe kabla maji hayajamfika magotini. Picha za matangazo karibu zote zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Kwa hiyo usiulize "ni mita ngapi hadi baharini". Omba picha ya ufukwe huohuo saa nne asubuhi siku ya bamvua.

Saa nne ina sababu yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Wiki ikipita mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa kwenye saa nne asubuhi na kupwa jioni, lakini hayaendi mbali, tofauti ni kama mita moja na kidogo. Kama unafuata mwezi wa Kiislamu, tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 ni bamvua, tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 25 ni maji mafu. Ukishajua hilo unapanga likizo nzima ukiwa nyumbani.

Kwa mtoto wa miaka minne mimi ningechagua wiki inayoangukia maji mafu katikati. Anaoga asubuhi, mkondo umelegea, na jua la saa saba likianza kuchoma mko ndani mnakula. Bamvua nalo lina uzuri wake: asubuhi watoto wanatembea mwambani kuona pweza anavyochokolewa, na kuanzia saa tisa mpaka kumi na moja jioni maji yako mlangoni. Ila maji yakishaanza kutoka, wenye umri mdogo watoke. Yanatoka kwa nguvu, hasa kwenye mifereji na midomo ya ghuba. Ukishikwa na mkondo usishindane nao. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie, ndipo urudi. Maboya ya kuchezea na matairi ya hewa yasiingie majini asubuhi na mapema, maana umande unavuma kutoka bara na boya linaelekea nje kuliko baba mtu anavyoweza kuogelea.

Juni au Desemba? Juni, bila kusita, kama bibi yupo. Mvua za kusini ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Juni ni kavu, usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 20, mbu wamepungua. Ubaya wake ni kusi: upepo ni mkali, bahari ya nje inachafuka, na safari za boti zinaahirishwa. Desemba maji ni ya vuguvugu na maembe yamejaa sokoni, lakini ni joto la kutoa jasho usiku kucha, na mvua ikikaza barabara za vumbi zinakatika. Barabara kuu nayo usiiamini kupita kiasi: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, ilikatika eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Mkija msimu wa mvua acheni siku moja ya akiba kabla ya shule kufunguliwa.

Sasa mahali. Shangani, Mtwara mjini, ni pa kawaida kwa uzuri lakini ndipo rahisi kuishi na familia: duka, bajaji na Hospitali ya Ligula viko karibu. Mikindani, kama kilomita kumi kutoka mjini, ni mji wa kale wenye mandhari ya kupiga picha, ila ghuba yake ina mikoko na maji yakipwa ni tope. Kaeni hapo kama mnapenda historia na upepo wa barazani, si kwa ajili ya kuogelea. Msangamkuu, ng'ambo ya bandari, ina mchanga mzuri, lakini msimruhusu mtu kuogelea kwenye mdomo wa bandari, mkondo wake si wa kuchezea. Msimbati ndiyo yenye jina, na linastahili: mchanga mweupe, maji safi. Iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo kuna kiingilio, na kasa, matumbawe na kombe hai haviguswi. Ni zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini, mwisho wake mchanga mtupu. Gari dogo linanasa; likinasa usikanyage mafuta, punguza upepo wa matairi hadi kama PSI 16, fukua mchanga mbele ya magurudumu, toka taratibu, kisha jaza upepo ukifika barabara ngumu. Na usiegeshe ufukweni chini ya ule mstari wa majani makavu. Mstari huo ndio unaoonyesha maji yalipofika mara ya mwisho.

Kwa upande wa Lindi, ghuba ya mjini inapokea mto Lukuledi, hivyo msimu wa mvua maji yake ni ya kahawia. Mchinga, kaskazini ya mji, ni bora zaidi. Kilwa Masoko ina ufukwe wa Jimbizi na mnaweza kuvuka kwenda magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Kibali mnachukua Masoko kabla ya kupanda boti. Kutoka Dar, Kilwa inawapunguzia saa nyingi za safari, na kwa mtoto wa miaka minne hilo si jambo dogo.

Maji ya bomba. Piga hesabu hii: watu sita wakioga mara mbili kwa siku kwa ndoo ya lita 15 ni lita 180. Choo cha kuvuta, lita 6 mara tano kwa kila mtu, ni 180 nyingine. Jikoni na kufua vinguo vya baharini weka 80. Jumla 440. Simtanki la lita 1,000 linakufikisha siku mbili na kidogo. Wakioga kwa bomba la mvua bila kuzima, halifiki siku mbili. Muulize mwenye nyumba tangi ni la lita ngapi, maji ya mamlaka yanatoka siku zipi, na likikauka nani analeta boza au guta na kwa gharama ya nani. Uliza pia kama tangi liko juu ya mnara. Likiwa chini linategemea pampu, na umeme ukikatika mnakosa vyote viwili kwa mpigo.

Kama nyumba inatumia kisima, tegemeeni chumvi. Sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya ajabu, na kuchemsha hakuondoi chumvi wala dawa ya klorini haiondoi. Maji hayo ni ya kuoga na kudekia. Ya kunywa nunueni, lita 18 kwa siku kwa watu sita ni kiasi cha haki. Kuna jambo lingine wapangaji hawalijui: karibu na bahari maji ya ardhini hupanda na bamvua, shimo la choo nalo linajaa kutoka chini. Ndiyo maana nyumba isiyonuka wiki hii inanuka wiki ijayo, na choo kinavuta kwa kusitasita. Muulize shimo lilinyonywa lini, na angalia liko umbali gani na kisima. Likiwa ndani ya mita 30, maji yale hata kupigia mswaki msitumie.

Umeme ukubalianeni kwa maandishi. Siku ya kufika pigeni picha mita ya LUKU, uniti zilizobaki zionekane. Kiyoyozi kimoja cha BTU 12,000 kinakula uniti 5 hadi 7 kwa usiku. Viwili kwa wiki ni uniti 70 hadi karibu 100. Panga boi usiku mzima haifiki uniti moja. Juni panga boi inatosha kabisa, na mwenye nyumba anayekutoza zaidi kwa sababu ya kiyoyozi mwambie azime.

Panga boi ina kazi nyingine. Penye mikoko kuna usubi, wanaouma jioni kuanzia kumi na moja na nusu, na ni wadogo kiasi cha kupita kwenye matundu ya wavu wa dirisha. Lakini hawawezi kuruka dhidi ya upepo, kwa hiyo feni ikiwaelekea watoto wanaachwa. Mbu ni suala zito zaidi, Mtwara na Lindi ni mikoa ya malaria nyingi. Hesabu vyandarua kwa vitanda, si kwa vyumba, na kagueni matundu kabla hakujawa giza. Mkibeba vyenu vyenye dawa ni bora. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, pimeni malaria siku hiyohiyo.

Jikoni, mtungi wa kilo 6 kwa kupika saa tatu au nne kwa siku unawafikisha siku tisa au kumi kama umejaa. Kujua kama umejaa hakuhitaji kuutikisa: uzito wa mtungi mtupu umepigwa kwenye chuma chake, juu karibu na koki. Upime kwa mizani, toa uzito huo, kinachobaki ni gesi. Hewa ya chumvi inakula regulita na vibanio vya mpira, kwa hiyo kabla ya kuwasha paka povu la sabuni kwenye viungio. Likitoa mapovu, usiwashe. Kagua pia mbuzi ya nazi kama ipo. Nyumba nyingi zina birika la umeme na mashine ya kahawa lakini mbuzi hamna.

Samaki wa mlo mmoja wa watu sita ni kilo mbili na nusu akiwa mzima, maana kichwa na miba vinachukua karibu nusu. Changu na kolekole kwa mchuzi, tasi wa kukaanga. Bonyeza nyama: ikirudi, sawa; matamvua yawe mekundu, si ya kahawia. Jodari na nguru waliokaa juani msinunue hata wakipunguzwa bei, sumu yao haifi kwa kupikwa na uso mzima unavimba wekundu. Pweza hupungua karibu nusu sufuriani, na chumvi iwekwe mwisho. Waulizeni akina mama sokoni kama kuna ming'oko, mizizi ya porini ya huku kusini; watoto hupenda ikichemshwa na kuliwa na chumvi na ndimu. Mkija msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, mtoto asing'ate korosho mbichi yenye ganda. Mafuta ya ganda yanababua midomo.

Miguuni kila mtu avae yeboyebo, si kandambili, ambazo zinachomoka kwenye tope. Kwenye mchanga laini buruza miguu ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akimbie kama amejifukia. Taa akimchoma mtu, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyostahimili kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, mtu mzima akiyapima kwanza kwa mkono wake, kisha hospitali. Miiba ya wale wadudu weusi wa mwambani, wenye miiba kama nungunungu, msiichimbe kwa sindano, inakatikia ndani. Ng'oeni inayojitokeza tu. Yavuyavu, yule laini kama ute anayeelea, akichoma, osheni kwa maji ya bahari, si ya bomba, na msisugue na mchanga.

Malipo yaje mwisho. Mpigie mwenye nyumba kwa video, atembee kutoka geti hadi majini bila kukata, afungue bomba la jikoni na avute choo mbele yako. Jina linalotokea kwenye simu unapotuma pesa lifanane na la mkataba. Usilipe zote, nusu mkishaingia na kujaribu vitasa, maana kutu ya bahari huku inakaza kufuli mpaka ufunguo unavunjikia ndani. Ukipata tarehe ziandike hapa, tuangalie mwezi utakuwa wapi.