Mwanangu, zile refarensi zako

Mwanangu, shikamoo nimeipokea, marahaba. Voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Unasema chapta ya pili ya risechi yako umeandikiwa na ChatGPT, supavaiza kakuomba nakala za makala ulizozitaja, umetafuta, sita huzioni popote, sasa unaniuliza mama huu ni wizi kweli au ni kama kutumia kalkuleta tu maana darasa zima wanafanya hivohivo.

Kalkuleta ukiiuliza saba mara nane haikutungii jibu. Hiyo ChatGPT yako inapanga maneno kwa jinsi yanavyozoea kufuatana, ndo maana inaweza ikakupa jina la mwandishi, mwaka, jarida mpaka namba za kurasa, vyote vimekaa vizuri kabisa, na makala yenyewe hakuna aliyewahi kuiandika. Mwaka 2023 mawakili wawili kule New York walitaja mahakamani kesi sita za zamani ambazo hazikuwahi kuwepo, zimetungwa na ChatGPT hiyohiyo, sita kama zako, wakapigwa faini ya dola 5,000, na kilichomkera zaidi jaji ni kwamba walishaulizwa na bado wakazidi kuzing'ang'ania. Hapo ndo ulipo we sa hivi, umeshaulizwa.

Kuna kitu sijawahi kukwambia. Nikiwa mwaka wa pili unesi, zamu ya usiku, kulikuwa na mzee natakiwa nimpime presha kila baada ya masaa manne. Saa kumi alfajiri nilikuwa nimechoka mno nikaandika tu kwenye chati 120/80, kwa sababu mwanzo ilikuwa hivo na ilionekana namba nzuri. Inchaji akapita, akampima mwenyewe, ikasoma 80/50, mzee alikuwa anavuja damu kwa ndani. Walimuwahi, namshukuru Mungu mpaka leo. Inchaji hakunifokea, aliniuliza tu hii namba umeitoa wapi, nikakosa pa kuangalia.

Na supavaiza wako anakuuliza hilohilo, umeitoa wapi. Ule ukurasa wa mbele umeweka saini kwamba kazi ni yako mwenyewe, kwa hiyo mi naona kosa liko pale kwenye saini, sio kwenye kuifungua hiyo programu. Ikikueleza hesabu za rigresheni usiku wakati lekchara hayupo, sawa, ikikunyooshea Kiingereza na chuo chako kinaruhusu na umesema wazi, sawa pia, kasome kwanza utaratibu wao unasemaje. Ila kukusomea vitabu ambavyo hujavisoma halafu ukaweka jina lako, hapana mwanangu.

Hizo habari za kuogopa programu za kukagua kama kazi imeandikwa na mashine, achana nazo. Watafiti wa Stanford mwaka 2023 walizijaribu kadhaa, zikasema zaidi ya nusu ya insha za watu ambao Kiingereza sio lugha yao zimeandikwa na mashine, na walikuwa wameziandika wenyewe kwa mkono wao! Hilo linaniuma kweli, maana mtoto wa kwetu anaweza akasingiziwa hata akiwa msafi. Kwa hiyo tunza drafti zako zote, na yale madaftari usitupe.

Hayo madaftari ndo nayawaza zaidi. Ulikaa na kina mama wa samaki pale soko la Deep Sea wiki tatu, unarudi nyumbani unanuka dagaa, unanihadithia yule wa mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, mpaka tunasahau chai. Hayo hakuna mashine inayoyajua, ni wewe tu, na yakikaa nyuma ya chapta ya kutunga nani atayaamini, na wale kina mama walikupa muda wao wa biashara bure.

Jumatatu nenda ofisini kwake asubuhi kabla foleni haijajaa, mwambie zipi hazipo na zimetokaje, uombe muda uiandike upya. Akikupa sapu, mtihani wa kurudia, au akakurudisha mwaka, ada tutaitafuta, hilo niachie mimi na baba yako. Nimekutumia elfu kumi na tano ya bando na kuprinti. Ukitoka kwake nipigie, hata kama nipo zamu nitapokea.

Mama yako