Barua kwa mwanangu: Hukuota kama uyoga

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Kilwa Masoko. Sote wazima, na mguu wa bibi yako umepungua uvimbe. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana usiku, nikaurudia asubuhi. Unauliza hivi: ikiwa John Locke, yule mwanafalsafa Mwingereza, alikuwa na hisa katika kampuni ya kuuza watumwa, na mwanafalsafa mwenzake Rousseau aliwapeleka wanawe watano kwenye nyumba ya watoto wa kuokotwa, wewe mjukuu wa watu wa Kilwa ukae darasani wakufundishe uhuru kwa sababu gani?

Sikukujibu kwa simu, maana swali hilo si la kujibiwa huku natazama chungu jikoni. Nimefundisha historia mpaka nimestaafu, na bado limeninyima usingizi.

Uliyoyasikia ni kweli. Miaka ya 1670 Locke alinunua hisa za Royal African Company, iliyopewa na mfalme wa Uingereza haki ya peke yake ya biashara ya pwani ya Afrika Magharibi, watumwa wakiwemo. Kabla ya hapo alikuwa katibu wa mabwana wenye koloni la Carolina huko Amerika, na katiba yao ya 1669, ambayo mkono wake umo, inampa mwungwana mamlaka yote juu ya mtumwa wake mweusi. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kuandika kwamba hakuna serikali halali bila ridhaa ya wanaotawaliwa.

Kwa Rousseau, mimi humfikiria zaidi Thérèse Levasseur, mama wa wale watoto. Yeye hakutaka. Rousseau mwenyewe amekiri kwamba Thérèse alitii huku akiugua moyoni. Mtoto wa kwanza aliwekewa kadi yenye alama ndani ya nguo alizofungiwa, ili huenda siku moja atambulike. Wa pili, anasema baba yake, kadi ilisahaulika. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza wewe ulikuwa na miezi minne, umelala kifuani kwangu, nikakifunga kitabu nisikiguse kwa wiki nzima. Na mtu huyo mwaka 1762 alitoa kitabu kikubwa cha kufundisha namna ya kumlea mtoto!

Lakini nilikirudia, na nitakwambia kwa nini. Nilitaka kujua ni wapi hasa wamekosea, maana kusema tu kwamba walikuwa wanafiki hakunifikishi mbali. Tazama wanavyomweleza binadamu. Hobbes, mwanafalsafa mwingine Mwingereza, alizaliwa 1588, wakati Uingereza inatetemeka kwa habari za manowari za Hispania, na uzeeni akaandika kwamba mama yake alizaa mapacha, yeye na hofu. Ukubwani akaiona nchi yake ikichinjana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana mwaka 1651 akasema pasipo mtawala wa kuogopwa kila mtu ni adui wa kila mtu. Rousseau akampinga: binadamu wa asili hana ubaya, kilichomharibu ni siku ile mtu wa kwanza alipozungushia kipande cha ardhi ua akasema hiki changu, na wenzake wakamwamini.

Wanafunzi wangu walikuwa wakibishana mpaka kengele inalia, nani kati ya hao wawili ana haki. Mimi naona wote wawili wameanzia pabaya. Mtu wao ni mwanamume mzima, yuko peke yake porini, hana aliyembeba mgongoni wala aliyemtafunia chakula. Hobbes ameandika waziwazi kwamba tuwafikirie watu kana kwamba wamechipuka ardhini ghafla kama uyoga. Mwanangu, mimi nilikuzaa. Hukuota kama uyoga. Kabla hujajua neno langu ulishajua kifua changu, na ukipiga kelele usiku alikuwa akiamka hata jirani. Ukimtoa mama katika hadithi ya binadamu, utashangaa nini ukimkuta baadaye ametolewa na katika haki? Mary Wollstonecraft, mwandishi wa kike wa Uingereza, aliliona hilo mapema. Mwaka 1792 alimkabili Rousseau kwa sababu ya kusema mwanamke alelewe ili ampendeze mwanamume.

Sasa nikuguse penyewe. Umejiita mjukuu wa watu wa Kilwa, na mimi nakuuliza: watu gani? Tarehe 4 Julai 1776 Wamarekani walitangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Miezi miwili na siku kumi baadaye, tarehe 14 Septemba 1776, hapo Kilwa Kisiwani, Sultani Hassan bin Ibrahim alitia saini mkataba na Mfaransa aitwaye Morice. Watumwa elfu moja kila mwaka, piastre (sarafu za fedha) ishirini kwa kichwa, na piastre mbili juu yake zawadi ya sultani. Mashamba ya visiwa vya Wafaransa, ile Mauritius na Réunion ya leo, ndiyo yaliyokuwa yakiwangoja. Hivyo ukiwanyooshea kidole Locke na wenzake, na uwanyooshee. Ila hapa kwetu pia kuna aliyehesabu piastre zake mbili, na kuna aliyehesabiwa, na sisi hatujui tumetoka kwa yupi. Huenda kwa wote wawili.

Miaka kumi na minne kabla ya saini ile Rousseau alikuwa ameandika kwamba neno utumwa na neno haki yanapingana, moja linalifuta jingine. Ameliandika kwa nguvu, ila hamtaji hata mara moja mtu mweusi aliye melini. Waliolichukua neno hilo mpaka mwisho wake ni wengine. Saint-Domingue, koloni tajiri la sukari la Ufaransa, ndiyo Haiti ya leo, ilikuwa na watumwa karibu nusu milioni wakati Bunge la Ufaransa lilipotangaza Agosti 1789 kwamba watu huzaliwa na kubaki huru na sawa katika haki. Agosti 1791 watumwa wale wakainuka. Walikuwa na sababu zao kabla ya tangazo lolote, miili yao ilizijua, lakini sasa Paris ililazimika kujibu kwa maneno yake yenyewe. Tarehe 4 Februari 1794 Bunge likafuta utumwa katika makoloni yote. Mabwana wa Mauritius walipopelekewa wajumbe na sheria hiyo mwaka 1796 wakawafukuza. Napoleon akaurejesha utumwa 1802. Haiti ikakataa, ikapigana, na tarehe 1 Januari 1804 ikawa taifa huru.

Kwa hiyo kaa darasani. Umsome Locke na ile katiba ya Carolina ikiwa wazi pembeni yake. Ukifika kwa Rousseau, mkumbuke Thérèse. Na mwalimu asipofika Haiti, nyoosha mkono umuulize.

Ukija likizo ya Desemba tutavuka Kisiwani na mashua ya asubuhi, maji yakiwa yamejaa tusije tukakanyaga tope. Beba hicho kitabu chako cha Rousseau. Sura yake ya utumwa ni fupi, nataka unisomee kwa sauti tukiwa tumekaa chini ya ukuta wa Gereza, ile ngome ya kale, tunatazama bandari. Bibi anasema usisahau dawa yake ya kuchua.

Mama yako.